Nakala Rudufu na Kurejesha Hali ya Awali ya Kompyuta

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba yako mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma, na yako yasiyoweza. Chumvi iliyoyeyushwa majini hupatikana tena maji yakivukizwa. Karatasi iliyoungua haiwi karatasi tena. Tofauti hiyo imo pia katika kompyuta. Yawapasa kuijua hasa walimu na wanafunzi ambao, kwa kutumia kompyuta chache kuukuu, wamejijengea nyumbani maabara ndogo ya kujifunzia uendeshaji wa seva na mitandao.

Kwa nini kuna mabadiliko yasiyorudi nyuma

Amri inayobadili jina la faili hutanguliwa kwa amri iliyo kinyume chake, maadamu jina la zamani linajulikana. Lakini ziko amri zinazoharibu habari yenyewe. Mtu akiambiwa kwamba jumla ya namba mbili ni 12, hawezi kujua kama zilikuwa 7 na 5 au 9 na 3. Hali kadhalika, mipangilio mipya inapoandikwa juu ya ile ya zamani, hakuna hesabu itakayoirudisha ya kwanza. Dawa yake ni nakala iliyowekwa kando kabla ya badiliko.

Aina tatu za nakala

Ya kwanza ni picha ya hali. Kompyuta huweka alama ya jinsi diski ilivyo wakati fulani, na tangu hapo kila sehemu inayobadilishwa huhifadhiwa pia kama ilivyokuwa. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, nayo hufaa sana kabla ya kujaribu programu mpya. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida picha hukaa katika diski ile ile. Diski ikifa, vyote viwili hupotea.

Ya pili ni seva pacha, ambayo hufuata kila badiliko la seva kuu. Hufaa mashine inapoharibika, lakini haifai mtu anapokosea, maana kosa nalo hunakiliwa.

Ya tatu ni nakala rudufu kamili, iliyo katika diski nyingine na, ikiwezekana, katika jengo jingine.

Funzo la mwaka 2017

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa akirekebisha seva pacha iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Alikusudia kufuta data za seva pacha ili inakili upya. Kumbe amri aliitoa katika seva kuu. Alipoisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu.

Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Hata hivyo, nakala rudufu ya kila siku haikuonekana. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilishindikana kila mara. Barua pepe za kuarifu juu ya kushindwa huko nazo zilikataliwa njiani, na hakuna aliyejua. Kilichookoa ni picha ya hali ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio. Data za saa hizo 6 hazikupatikana tena.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena kimya kimya. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni dhana tu, na katika sayansi dhana hupimwa kwa jaribio.

Utaratibu wa kufuata

(a) Kabla ya badiliko, andika katika daftari tarehe, jambo litakalobadilishwa na njia ya kulitangua.
(b) Chukua picha ya hali. Kisha hakikisha kwamba nakala rudufu ya karibuni ipo katika diski nyingine.
(c) Badili jambo moja kwa wakati mmoja, kama inavyofanywa katika jaribio lolote la maabara.
(d) Kabla ya kutoa amri ya kufuta, soma kwanza jina la mashine.
(e) Kila mwezi, rejesha nakala rudufu katika kompyuta iliyo tupu, ufungue faili kadhaa na kupima muda uliotumika.

Maswali

1. Diski ya nje husoma megabaiti 100 kwa sekunde. Kurejesha gigabaiti 300 kutachukua dakika ngapi? (Jibu: 50.)

2. Nakala hufanywa kila Jumapili saa 12 jioni. Diski ikifa Jumamosi inayofuata saa 6 mchana, zitapotea data za saa ngapi? (Jibu: 138.)

3. Eleza kwa nini seva pacha isingeweza kuchukua nafasi ya nakala rudufu.