Kubaki Karibu na Jamaa au Kuhamia Pori la Wawindaji?
Somo kwa familia zilizohama na viongozi wao

Lengo la somo: Kusaidia familia zilizokimbia vita, pamoja na viongozi wao, kupima uzito wa undugu kabla ya kuhamia vijiji vya porini ambako watu wanaishi kwa shamba na uwindaji.



Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, mauaji katika teritwari ya Beni yamefukuza maelfu ya familia kutoka mashamba yao. Wengi walikimbilia Oicha, Beni mjini, Butembo, hata Komanda na Bunia. Baadhi waliingia kambini, lakini wengi walipokelewa na jamaa zao. Nyumba iliyojengwa kwa watu sita ikaanza kulala watu kumi na tano. Chakula hakitoshi, na kazi ya mkono ni ya kubahatisha.

Ndipo sauti moja inasikika katika familia: "Twende Mambasa. Kule pori ni kubwa, udongo ni mzuri, na nyama haikosekani." Sauti nyingine inajibu: "Tukienda kule, nani atatuzika? Nani atalinda shamba la baba?" Sauti zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Somo hili halimwambii mtu ahame au abaki. Uamuzi ni wa familia yenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba aliyekimbia anaweza kurudi kwao kwa hiari yake, katika usalama na heshima, au kuanza maisha katika sehemu nyingine ya nchi, pia kwa hiari yake. Zinasema tena kwamba watu wa familia moja wanaotaka kukaa pamoja waachwe wakae pamoja. Kinachobaki kwetu ni kujifunza namna ya kupima.

1. UNDUGU UNAFANYA KAZI GANI?

Haitoshi kusema "jamaa ni muhimu". Tuhesabu kazi ambazo jamaa wanatufanyia, moja baada ya nyingine.

Kazi ya kwanza ni ugonjwa na msiba. Mtoto akipata homa usiku, ni shangazi au jirani wa ukoo anayekopesha pesa za dawa. Mtu akifa, jamaa ndio wanaochimba kaburi na kulisha wageni.

Kazi ya pili ni kulinda ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, lakini vijijini familia nyingi hazina hati yoyote. Mpaka wa shamba unajulikana kwa mti, kwa kijito, na kwa ushuhuda wa wazee. Ukoo wote ukienda mbali, ushuhuda nao unaondoka. Siku ya kurudi, unamkuta mtu mwingine shambani na hakuna wa kusema "hapa palikuwa pa fulani".

Kazi ya tatu ni watoto. Wajomba na baba wadogo wanashauri kijana na kusaidia mbuzi za mahari. Bibi anabaki na watoto wadogo wakati mama anakwenda kutafuta kibarua.

Kazi ya nne ni habari. Karibu na jamaa unajua barabara gani ina hatari, nani amerudi, na nani amepatikana kati ya waliopotea.

Baada ya kuhesabu, tuulize: kazi gani inaweza kufanyika hata tukiwa mbali? Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa ugonjwa na msiba maneno hayo ni kweli kabisa. Lakini kwa shamba, mtu mmoja mwaminifu akibaki karibu anatosha kulinda haki ya wote. Na habari zinaweza kupita kwa simu, pale mtandao unapofika.

Tuseme pia jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Kuna nyumba ambamo undugu umechoka. Wenyeji na wageni wanagombana kwa ajili ya chungu, kuni na mahali pa kulala. Binti anaozwa mapema ili mdomo mmoja upungue. Kukaa karibu mpaka mchukiane si kulinda undugu. Mara nyingine sehemu ya familia ikiondoka kwa mapatano, undugu unapona.

2. PORI LINA WENYEWE

Kosa kubwa ni kufikiri kwamba mahali pasipo na nyumba ni mahali pasipo na mtu. Katika teritwari ya Mambasa kuna Wabila, Walese, Wandaka, Wambo, na Wambuti ambao pori ndilo nyumba yao na ghala lao. Kila sehemu ina ukoo unaojulikana: hapa wanawinda watu hawa, pale wanachuma asali watu wale.

Tutazame jinsi Wambuti wanavyowinda kwa wavu. Mtu mmoja hawezi. Kila familia inaleta wavu wake, nyavu zinafungwa pamoja kufanya nusu duara kubwa, wanaume wanasimama nyuma yake, na wanawake na watoto wanapiga kelele kusukuma mboloko na wanyama wengine waingie. Nyama inagawiwa. Sehemu nyingine inakwenda kwa wakulima, nao wanatoa mihogo, ndizi na chumvi. Kwa desturi ya zamani, vijana wa Wabila na wa Wambuti walitahiriwa pamoja katika nkumbi, na waliopita pamoja waliitana ndugu maisha yao yote.

Tunajifunza nini? Kwamba uwindaji wenyewe ni kazi ya undugu. Anayeacha jamaa zake akidhani porini atakula nyama bila kumhitaji mtu, amekosea hesabu. Anatoka katika undugu mmoja na kufika mlangoni mwa undugu mwingine, naye bado hajafunguliwa.

Mgeni asiyefungua mlango huo vizuri hutega mitego ya waya peke yake, au hukata miti mahali ambapo wengine wanawinda. Wanyama wanakimbia au wanakwisha. Mwenyeji anasema, "Wageni wametumalizia pori." Mgeni anajibu, "Nilinunua, nina karatasi." Hapo ugomvi unaanza, na katika nchi yenye silaha nyingi ugomvi wa shamba haukawii kuwa vita vya kabila.

Sheria nayo ipo. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 na sheria ya kulinda viumbe ya mwaka 2014 zinakataza kuua wanyama waliolindwa kama okapi, tembo na sokwe. Sehemu kubwa ya Mambasa imo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, ambako kufungua shamba popote unapotaka hakuruhusiwi. Anayekuuzia kipande ndani ya hifadhi anakuuzia kesi.

3. NJAA YA MWAKA WA KWANZA NA HATARI NYINGINE

Familia nyingi zinapiga hesabu ya mwaka wa tano na kusahau mwezi wa pili. Mahindi na maharage yanahitaji miezi mitatu au minne. Mihogo inataka karibu mwaka mmoja. Kakao, ambayo wengi wanaifuata, inaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Nyama ya pori haipatikani kila siku hata kwa wawindaji wenyewe. Kwa hiyo tuulize: miezi minne ya kwanza tutakula nini, na kwa pesa ya nani?

Afya nayo ipimwe. Malaria ni nyingi, na kituo cha afya kinaweza kuwa safari ya siku nzima. Tusiguse wala kula mnyama tuliyemkuta amekufa porini. Ugonjwa wa Ebola uliofika Beni na Mambasa kati ya mwaka 2018 na 2020 ulitufundisha kwamba ugonjwa unaweza kutoka kwa mnyama na kumaliza nyumba nzima.

Juu ya usalama, umbali peke yake haulindi mtu. Wakaaji wa Mambasa waliteswa vibaya na wenye silaha mwishoni mwa mwaka 2002. Epulu ilishambuliwa tarehe 24 Juni 2012, watu wakauawa pamoja na okapi 14. Na tangu mwaka 2021 mashambulizi yaliyoanzia Beni yamefika pia Irumu na Mambasa. Kabla ya kuondoka, uliza habari za mwezi huu. Habari za mwaka jana hazikusaidii.

4. HATUA TANO ZA KUFUATA

Kwanza, fanyeni baraza la familia. Wazee waseme, wamama waseme, vijana waseme. Mara nyingi mwanaume anaona shamba, lakini mwanamke ndiye anayejua maji, kuni na uzazi.

Pili, watumeni watu wawili kwenda kuona, ikiwezekana mwanaume na mwanamke. Walale kule siku kadhaa. Waangalie maji, shule, kituo cha afya na soko. Waulize wageni waliotangulia wanaishi namna gani na wenyeji.

Tatu, bisheni hodi kwa wenyewe wote. Mtu mmoja asiwauzie peke yake udongo wa ukoo. Wawepo wazee wa ukoo, kapita, chifu, majirani, na Wambuti wanaowinda mahali hapo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti na ndugu zao wengine wa asili, na haki juu ya ardhi yao ni mojawapo. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Ni vizuri kuomba shamba la kulima msimu mmoja kabla ya kununua.

Nne, mkigawanyika, gawaneni kazi. Nani anabaki na wazee? Nani analinda shamba la nyumbani? Nani anatangulia? Wekeni tarehe ya kukutana tena. Familia iliyogawanyika bila tarehe inaweza kupotea.

Tano, lindeni njia ya habari. Watoto wajue kwa kichwa majina kamili ya wazazi, kijiji chao na namba moja ya simu. Kadi na vyeti vifungwe ndani ya plastiki. Mkipotezana, kateni shauri mapema kwenda kwa Msalaba Mwekundu, ambao unasaidia kutafuta jamaa na kupeleka ujumbe bila malipo.

Mfano wa kufundishia

Ndugu wawili wako Oicha na mama yao mzee. Mkubwa ana watoto wanne shuleni. Mdogo ana mke na mtoto mmoja. Wote wanataka kwenda upande wa Biakato. Baada ya baraza, wanapatana hivi: mkubwa anabaki na mama, watoto wanaendelea na masomo, naye anafuatilia habari za shamba la baba. Mdogo na mke wake wanakwenda, baada ya kuona mahali na kukubaliwa na wenyeji. Wanaomba shamba la msimu mmoja na kupanda mahindi na maharage. Hawategi mtego wowote mpaka wafundishwe mipaka. Baada ya mavuno wote wanakutana Oicha kuamua upya. Mama hakuachwa, shamba halikupoteza shahidi, na wenyeji wamepata wakati wa kuwajua wageni wao.

5. NENO KWA VIONGOZI

Kiongozi wa wakimbizi asiongoze msafara wa familia mia kwenda mahali ambapo hajatuma hata mjumbe mmoja. Kiongozi wa wenyeji asipokee pesa ya kipande kimoja mara mbili, wala asiuze pori la uwindaji bila wawindaji kujua. Fanyeni baraza la pamoja mapema, mipaka ionyeshwe kwa miguu, na vijana wa pande zote mbili wawepo, kwa kuwa wao ndio watakaoitwa kupigana mambo yakiharibika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya kazi nne za undugu, ipi familia yetu haiwezi kuishi bila hiyo mwaka huu?
2. Nani katika familia hajaulizwa bado, na kwa nini?
3. Pori tunalotaka kuhamia ni la ukoo gani? Nani anawinda pale, na tumezungumza naye?
4. Tukikuta mambo ni mabaya, tutarudi wapi na kwa njia gani?
5. Sisi wenyeji, mgeni afanye nini ili tumwite jirani?

Tunawaomba msome somo hili pamoja, kambini, kanisani, msikitini au chini ya mti, na kila swali lijibiwe kwanza na wale ambao kwa kawaida hunyamaza. Anayehama ahame akiwa amebeba baraka za jamaa zake, na afike akiwa amebisha hodi. Amani iwe nanyi.