Laki Mbili za Kwenye Karatasi

Wadogo zangu, leo tuongee hela, tena bila kuoneana aibu. Wengi mnaniuliza jambo moja: wamenitajia milioni moja, nikiomba milioni moja na laki mbili sitaonekana nina tamaa? Omba. Ila shika kalamu kwanza, ujue unaomba nini.

Tuseme mshahara wote ni wa msingi, na mwajiri wako anachangia NSSF. Kwenye milioni moja inatoka asilimia 10 ya NSSF, laki moja. Inayobaki, 900,000, inakatwa PAYE ya 103,000. Mkononi unapata 797,000. Kama ulisomeshwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, toa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, unabaki na 647,000. Haya, wakikukubalia milioni moja na laki mbili, mkononi ni 928,000. Laki mbili uliyoihangaikia imekuwa 131,000, na mwenye deni la Bodi anaambulia 101,000. Kwa hiyo anza na kiasi unachotaka kiingie benki, panda nacho hadi kabla ya makato, ndipo ufungue mdomo.

Watakuuliza unalipwa ngapi sasa hivi. Mimi hapo huwa sidanganyi, lakini sikimbilii kujibu. Sema: "Kwa majukumu mliyonieleza, natarajia kiasi fulani." Kisha nyamaza. Ukimya ule unauma, najua, na wengi wetu tunaujaza kwa kujishusha wenyewe: "lakini hata pungufu sio mbaya." Nani kakuuliza? Kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako pia usizipeleke mezani. Peleka kazi uliyoifanya: deni la wateja ulilokusanya, ripoti iliyokuwa inachelewa na sasa inatoka kwa wakati.

Angalia na mgawanyo. Kuna barua zinaandika mshahara wa msingi kidogo, halafu posho ya usafiri, ya nyumba na ya simu zinapamba jumla. Unafurahi, kumbe kiinua mgongo cha sheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilisha, na saa za ziada zinapigiwa hesabu hapohapo kwenye msingi. Posho haikufuati siku ya kuondoka. Wakigoma kuongeza jumla, waombe wahamishe sehemu ya posho iingie kwenye msingi. Mwenye deni la Bodi ajue tu kwamba makato yake nayo yatapanda.

Wenye mikataba ya ushauri, nyie ndio mnaniumiza kichwa. Unaitwa mshauri, ila unatakiwa ofisini saa mbili asubuhi kama mwajiriwa! Wanakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na unaona umepona PAYE. Hujamalizana na TRA; tunza hati za zuio, hesabu za mwaka zinakuja. Na huna likizo ya siku 28 yenye malipo, huna ile asilimia 10 ambayo mwajiri angekuwekea NSSF, na bima ya afya ni juu yako. Ukipewa kiasi kilekile anacholipwa mwajiriwa, umepunjwa. Yote hayo yaingize kwenye bei. Dai pia mkataba uandike malipo ya awali ni kiasi gani, na ankara italipwa ndani ya siku ngapi.

Sasa ile 131,000. Usipoiwekea njia mwezi wa kwanza, wa tatu utaapa haikuwahi kuingia. Nenda benki, toa agizo la kudumu, ihamishwe siku ileile mshahara unapoingia. Kikoba ni kizuri, ila kisiwe pekee. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS unafaa kwa akiba ya dharura, kwa sababu ukihitaji pesa unaipata baada ya siku chache za kazi. Ukishatenga milioni moja usiyoihitaji karibuni, ulizia hati fungani za serikali kupitia benki yako: riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Kiwanja? Kinunue, lakini baada ya kupita ofisi ya ardhi, sio baada ya kusikia maneno ya dalali.

Na wewe mwenye barua ya ajira mezani sasa hivi, omba siku mbili kabla ya kusaini. Ni ombi la kawaida tu.