Kutoka Windows Home Hadi Pro kwa Njia ya Halali

Nilipoanza kuandika tasnifu nilitaka BitLocker, kufuli la diski lililomo kwenye Windows 11 Pro; yangu ilikuwa Home. Muuzaji mmoja akanipa namba kwa bei ya chai. Baada ya wiki chache ikafungwa: kumbe ilikuwa haki ya watu wengine.

Nikaanza upya. Kwanza, uliza chuoni. Vyuo vingine huwapa wanafunzi leseni ya Education, nayo ina BitLocker. Pili, nakili kazi zako kwenye flashi. Tatu, fungua Settings, System, Activation, uingize namba mpya, mafaili hubaki. Mwisho, andika karatasini ufunguo wa akiba, tarakimu 48. Ukiupoteza, hata mwenye mali anaweza kufungiwa nje.