Joto la Vifaranga Lisiwe Moto wa Nyumba

Msimu wa kusi usiku huwa na baridi, na kifaranga asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika juma lake la kwanza. Tunawasihi mlipate joto hilo kwa usalama.

Kwanza, jiko la mkaa lisikeshe katika chumba wanamolala watu. Mkaa, hata uliofifia, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala bila kumwamsha.

Pili, anayetumia taa ya umeme aining'inize kwa mnyororo, wala si kwa waya wake wa umeme, nusu mita juu ya maranda. Masanduku yakipangwa tabaka juu ya tabaka, taa isitiwe katikati: ubao ulio juu yake hukauka, kisha huungua.

Tatu, sanduku lizibwe kwa wavu wa matundu madogo. Panya hutafuna nyaya, na nyoka humfuata panya.

Nne, watazameni vifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wanahisi baridi. Wakiikimbia na kuhema, taa ipandishwe.

Ndoo ya mchanga iwe karibu, na paa la makuti liwe mbali na taa. Makuti yakishika, upepo wa kusi hauheshimu ua wa mtu. Basi kila jirani amkumbushe jirani yake kabla ya kulala.