MADA YA 7: SHUKRANI NA IBADA YA UNYENYEKEVU (Luka 17:11–19, 18:9–14)

Mwanafunzi, mada hii huonekana nyepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama hapa. Wanaandika kwamba Mkristo anapaswa kushukuru katika kila jambo, wanataja 1 Wathesalonike 5:18, kisha wanahamia swali jingine. Swali gumu hawaligusi: je, mtu anaweza kumshukuru Mungu na ibada yake isikubaliwe?

Anaweza. Fungua Luka 18. Farisayo aliyepanda hekaluni anaanza sala yake kwa kushukuru. Wala hatuambiwi kwamba anadanganya: anafunga mara mbili kwa juma, ilhali Sheria iliagiza siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho (Walawi 16), na anatoa zaka ya mapato yake yote. Kasoro iko kwenye kipimo. Anashukuru kwa kuwa yeye si kama wengine, na jicho lake linamwangukia mtoza ushuru. Haombi chochote. Mtoza ushuru hana hata neno la shukrani. Anasimama mbali, hainui macho, anajipiga kifua na kuomba rehema. Ndiye anayerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Sasa rudi Luka 17. Wakoma kumi nao wanasimama mbali na kuomba rehema. Wote wanatii, wanakwenda kwa makuhani, na wanatakasika wakiwa njiani. Mmoja tu anarudi, Msamaria, anaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu na kushukuru. Hajilinganishi na wale tisa. Wanaotajwa na kuulizwa habari zao, anayewauliza ni Yesu. Angalia pia mwili wake: sauti kubwa, uso chini. Kwake shukrani na kusujudu ni tendo moja. (Neno Ekaristi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani.)

Tulete jambo hili Kiseke. Matokeo ya Kidato cha Nne yametoka. Wewe umefaulu, mwenzako wa nyumba ya pili amepata sifuri, na Jumapili mama yako anataka mtoe sadaka ya shukrani. Toeni. Lakini ukisimama mbele ya kanisa ukasema Mungu hakukuacha uaibike kama fulani, umesali sala ya Farisayo, hata kama watu watapiga vigelegele. Na huyo fulani yumo humo humo kanisani, amekaa benchi la nyuma.

Vivyo hivyo mnada wa mavuno. Kuku akinunuliwa kwa mara tano ya bei ya sokoni si dhambi, na paa la kanisa linahitaji bati. Hata hivyo Kumbukumbu la Torati 26:1–11 inamtaka mwenye kapu la malimbuko akiri kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, asiye na nchi, kisha afurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Asiye na shamba anakula kwenye sikukuu ya mwenye shamba. Hapo ndipo pa kupimia minada yetu.

Je, kisipokuwepo cha kushukuru? Familia inayoishi kwa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, inajua siku za mbalamwezi: taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na mtaji unaliwa. Soma Habakuki 3:17–18, ambako mtini na zizi vyote ni vitupu na nabii bado anamfurahia Mungu. Usiandike kwamba njaa ni baraka. Habakuki hasemi hivyo. Anaitaja hasara kitu kwa kitu, ndipo anafurahi. Katika Kisukuma tunasema wabeja kwa aliyetupa kitu. Habakuki anamwambia Mungu neno la namna hiyo mikono ikiwa mitupu.

Zoezi
1. Farisayo alishukuru, mtoza ushuru hakushukuru. Kwa nini wa pili ndiye aliyekubaliwa? (Alama 6)
2. Wakoma tisa walitii agizo la Yesu. Walipungukiwa nini? (Alama 4)
3. Andika sala ya shukrani ya mistari mitano kwa ajili ya kufaulu mtihani, ambayo mwenzako aliyefeli anaweza kuitikia “Amina”. (Alama 10)