Bidhaa za biashara ya haki katika mabwalo ya vyuo

SWALI: Wanafunzi wafanyeje ili bwalo la chuo chao litumie bidhaa za biashara ya haki?

JIBU: Biashara ya haki huuhakikishia ushirika wa wakulima bei ambayo haishuki chini ya kiwango fulani hata soko la dunia likianguka. Tangu Agosti 2023, kahawa ya arabika iliyooshwa yenye nembo ya Fairtrade huuzwa nje kwa dola 1.80 au zaidi kwa ratili. Juu yake huongezwa senti 20, na wanachama wenyewe huamua matumizi yake: kujenga madarasa, kwa mfano, au kununua miche.

Vyuo navyo vimejiunga na biashara hii: Oxford Brookes cha Uingereza kilikuwa chuo kikuu cha kwanza duniani kupata hadhi ya Fairtrade, mwaka 2003.

Kwa wanafunzi wanaotaka kufuata mfano huo, hatua ya kwanza ni kuchagua bidhaa chache zinazotumika kila siku: kahawa, chai, sukari na ndizi. Ya pili ni kuwaonjesha wanafunzi na kukusanya saini zao. Ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, ni kuutaka uongozi uingize sharti la kutumia bidhaa hizo katika mkataba wa mzabuni wa chakula unapohuishwa. Bila mkataba, kampeni hufifia waanzilishi wanapohitimu.