Kulinda Mizizi ya Saladi Ioteshwayo Majini

Mkulima akuzaye saladi katika maji ya mbolea, bila udongo, adui yake mkubwa ni kuoza kwa mizizi. Mmea hunyauka wakati wa jua ingawa umesimama majini. Uinue uutazame: mzizi mzima ni mweupe, ulioshikwa ni wa kahawia, una utelezi, na ukiuvuta ganda huvuka ukabaki uzi mwembamba wa ndani.

Ugonjwa huu aghalabu huletwa na kijidudu kiitwacho Pithiamu. Mbegu zake huogelea, kwa hiyo mche mmoja mgonjwa huweza kuambukiza tangi zima. Maji yakipata joto hushika hewa kidogo, na hapo mizizi hudhoofu na adui hupata nguvu.

Kinga yake ni vijidudu vyema, yaani kuvu ya Trikoderma au bakteria ya Basilasi. Hivi hukaa juu ya mzizi, vikamnyima adui nafasi na chakula. Vitie mapema, miche ingali michanga, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ni walinzi, si dawa ya kuponya. Mmea uliokwisha kuoza mizizi uondoe uuteketeze.

Wako wanaotia vijidudu leo na klorini kesho. Huko ni kutupa fedha, maana klorini haichagui. Itumie kuoshea tangi kabla ya kupanda tu, kisha suuza sana. Maji ya bomba nayo yakae wazi usiku kucha. Funika tangi lisipigwe na jua, maji yasizidi nyuzi joto 22, na urudie kutia vijidudu kila ubadilishapo maji.